Ukuta Alioujenga Orest

Winnipeg, 26 Agosti 1984

Mama Paraska,

Najua ukiona bahasha nene hivi utasema, "Huyu Zonia ana shida." Ninayo. Nataka uhame huko shambani uje tukae wote kabla theluji haijaanza.

Usiitie barua hii motoni kwanza, isome mpaka mwisho. Majira ya baridi yaliyopita ulikuwa na Orest wa kuja kila mwezi kukupasulia kuni na kukusafishia dohani. Mwaka huu mwanao hayupo. Nami nikikaa kwenye cherehani kiwandani najikuta nashona kola mahali pa mkono, kwa sababu akili yangu yote iko kwako: umeteleza kisimani, kuni zimekwisha, kifua kimekubana na hakuna wa kukuchemshia hata chai. Juzi msimamizi aliniuliza kama siku hizi tunashonea watu wenye vichwa vitatu.

Chumba kipo. Unakumbuka vuli iliyopita Orest alianza kukuandalia kile cha chini ya nyumba, karibu na tanuri ya kupashia joto. Alisimamisha fremu za mbao kwenye kuta mbili, akashindilia katikati yale mabua ya kitani aliyoyatoa kwako, akafunika yote kwa nailoni. Kuta mbili bado ni zege tupu, lina baridi ya kuuma vidole. Tangu tulipomzika Februari sishuki huko ila kufua, na nikifua sigeuki nyuma. Sasa nimeamua kumalizia mwenyewe. Kupima najua, kukata najua, na kuvisha ukuta hakuwezi kuwa kugumu kuliko kuvisha watu wa mji huu.

Utakuwa na choo chako. Utakuwa na dirisha dogo la kuonea miguu ya wapita njia. Pipa lako la kabichi litakaa kwenye chumba cha baridi chini ya ngazi za mbele, na sitaligusa. Ukitaka kuja juu utakuja, ukitaka kuninunia utashuka.

Nijibu upesi, ila usinijibu kwa hasira.

Mkweo,
Zonia


Ethelbert, 4 Septemba 1984

Zonia mwanangu,

Barua sikuitia motoni. Niliiweka chini ya bakuli la unga, nikaipitapita kutwa nzima kama sijaiona, jioni nikaisoma tena.

Unanitaka nikaishi chini ya ardhi? Watu wa umri wangu huteremshwa huko mara moja tu, na padri akiwa amesimama pembeni. Na huko mjini nitafanya nini? Hapa nikiamka kuku wananigombeza, nawagombeza, siku inaanza. Halafu mimi na wewe hatujawahi kukaa nyumba moja zaidi ya wiki bila kuviziana jikoni. Unatia sukari kwenye supu ya bitiruti. Nilinyamaza kwa ajili ya Orest, lakini usidhani sikuonja.

Basi nilikuwa na maneno yangu ya kukataa tayari, matamu kweli. Kisha nikasoma tena pale uliposema ule ukuta upo. Mwanangu, nilikuwa nimeusahau. Alikuja hapa Oktoba akajaza magunia bandani mpaka nywele zikawa nyeupe kwa vumbi. Nikamwambia, "Shindilia sana, usiache upenyo hata wa kidole. Baba yako aliijaza nyumba hii hivyohivyo na hukutetemeka hata siku moja ukiwa mtoto." Akacheka, akasema, "Sawa, injinia."

Hakuacha mtoto. Kaburi lake liko huko kwenu na nimeliona mara mbili tu. Kitu alichokijenga kwa mikono yake kwa ajili yangu ni hicho kimoja. Kwa hiyo nitakuja. Lakini nina sharti: kitanda changu kiegemee ukuta wake, upande wa kichwa, ili nikijigeuza niuguse.

Nitahama baada ya Pokrova, sikukuu ya Mama wa Mungu, katikati ya Oktoba, nikishakata kabichi. Kifua changu hakina neno. Yule daktari wa hospitali ya Dauphin ni mwoga tu.

Mama yako,
Paraska


Winnipeg, 16 Septemba 1984
(barua hii haikutumwa)

Mama,

Nimekaa kwenye ngazi za chini, mikono bado michafu, na nakuandikia kabla sijapoa.

Leo Jumapili nilitaka kuunganisha fremu yangu na ya Orest. Nikachana nailoni kidogo tu ili nione mbao zake zinaishia wapi. Harufu iliyonipiga usoni ilinifanya nikimbilie nje. Mabua yote ni meusi. Nilichukua konzi moja nikaiminya, maji yakanichirizika mpaka kwenye kiwiko. Mbao za chini zimeoza, bisibisi inazama bila kusukumwa, na nyuma yake zege lote limeota kuvu, nyeupe kwa kijani. Bado nakohoa, na mimi nina kifua cha farasi. Hapo ndipo unapotaka kuweka kichwa chako.

Nimeufikiria mpaka nimeuelewa. Ukuta wenu wa shambani umesimama juu, upepo unaukausha pande zote. Huu umezikwa kwenye udongo wa mfinyanzi usiokauka mwaka mzima. Maji yalipenya kwenye zege, yakakuta mabua, na nailoni ikayafungia humohumo yasitoke. Ni kama koti lililolowa bitana. Orest alifanya kama ulivyomwambia, na wewe ulimwambia unachokijua, na wote wawili

Siwezi kuendelea. Nikimaliza sentensi hii nitakuwa nimekwambia kwamba mabua yako ndiyo


Winnipeg, 17 Septemba 1984

Mama Paraska,

Nimefurahi mpaka nimewatangazia wanawake wote wa mstari wangu kiwandani. Wanauliza utawaletea lini vitunguu saumu vyako.

Kazi inakwenda. Limejitokeza jambo dogo tu huku chini, kazi ya saruji, si la kukusumbua kichwa. Naomba tusogeze safari yako hadi mwisho wa Oktoba. Vaa sweta mbili, na kuni nzito waachie vijana wa binamu yako Marynia.

Sukari kwenye supu nimeacha.

Zonia wako


Ethelbert, 30 Septemba 1984

Zonia mwanangu,

Jambo dogo gani hilo la saruji? Mimi si mtoto. Orest alisema zege ni zima.

Haya, mwisho wa Oktoba. Kuku nimeshampa binamu yangu Marynia, na jogoo naye, maskini, hakuniaga. Ng'ombe amekwenda kwa watu wa barabara ya pili. Nimefunga vyombo, nimebakiza sufuria moja na kikombe kimoja. Kabichi nimekata na kuitia chumvi, pipa limejaa mpaka kwenye ukingo na Marynia amesema mume wake atalileta na gari.

Usinihofie. Nyumba ina joto, nalala kitandani kwangu kama malkia.

Nina ombi moja la kizee. Leo ukishuka kufua, uguse ukuta wa Orest kwa niaba yangu. Weka kiganja tu, usiseme kitu. Halafu uniandikie ulikuwaje, kama ulikuwa na joto.

Mama yako,
Paraska


Winnipeg, 19 Oktoba 1984

Mama,

Nimeugusa. Una joto.

Samahani barua imechelewa. Kiwandani wanatushonesha mpaka jioni kwa sababu kila mtu amekumbuka ghafla kwamba atahitaji koti. Na saruji haikauki upesi majira haya, mvua haikomi. Nimefikiria, kwa nini tusingoje mpaka Krismasi yetu ya Januari? Utafika chumba kiko tayari kabisa, tutapika ngano ya asali, tutatandika nyasi chini ya kitambaa cha meza kama unavyopenda. Ni wiki chache tu.

Najua vyombo umefunga. Fungua vichache.

Usiniulize sana, Mama. Niamini.

Zonia


Ethelbert, 1 Novemba 1984

Kwa Bi. Zonia Hrynchuk,

Marynia alikwenda huko mjini kumpeleka mume wake kwa daktari wa meno. Nilimpa mtungi wa asali akuletee. Akapita uchochoro wa nyuma kwa sababu mbele palijaa magari ya watu. Nakuandikia alichoniambia, na wewe utaniambia kama macho yake yana kasoro.

Aliona magunia yamerundikwa kwenye pipa la taka, mabua ya kitani yamemwagika mpaka njiani. Aliona mbao zimevunjwa zimeegemezwa kwenye uzio, na misumari bado imo. Aliona mwanamume mwenye ndevu za manjano akitoka mlango wako wa jikoni, amebeba mbao nyingine mpya, akipiga mluzi, na wewe nyuma yake ukimwambia, "Angalia kichwa, Gisli." Gisli! Marynia hakugonga. Asali ameirudisha, iko mezani kwangu sasa hivi.

Kumbe hiyo ndiyo saruji isiyokauka. Ningekuelewa, mwanamke wewe. Una miaka arobaini na moja, hakuna aliyekwambia ukae na kitambaa cheusi kichwani mpaka ufe. Ungeniambia tu, "Mama, nimepata mtu, chumba hakipo," ningelia siku mbili nikapika mkate nikakutumia. Lakini umeninyang'anya kuku wangu kwa maneno matamu. Ukaning'oa hapa. Ukaandika kwa mkono wako kwamba umeugusa ukuta wa mwanangu na una joto, na ukuta wenyewe uko jalalani.

Chumba mpe huyo mwenye ndevu. Mimi nimefungua vyombo vyangu vyote.

Paraska Hrynchuk


Winnipeg, 10 Novemba 1984

Mama,

Macho ya Marynia hayana kasoro. Alichokiona ndicho kilichokuwepo, na nilikudanganya. Sasa nakwambia yote, na ukitaka kunichukia unichukie kwa jambo la kweli.

Ukuta wa Orest ulioza. Nilichana nailoni katikati ya Septemba nikakuta mabua yote yamelowa na kuvu imetapakaa, na mimi mwenyewe nilikohoa wiki nzima. Isingewezekana wewe kulala pale. Wewe ambaye Machi ulilazwa Dauphin kwa kifua na ukawaambia manesi ni mafua! Ningekuleta kutoka kwenye baridi nije nikuue kwa joto. Basi nikaanza kuubomoa, jioni kwa jioni nikitoka kazini, nimejifunga kitambaa puani.

Gisli ni jirani yangu wa upande wa kushoto. Ana miaka sabini na mbili, mkewe alikufa mwaka juzi, na kila Jumamosi ananisimulia jinsi mkewe alivyokuwa akikausha samaki mpaka najua kuwakausha mimi. Ndevu zake zina makombo ya mkate wakati wote. Ukimwona utacheka wivu wako. Yeye ndiye aliyezunguka nyumba akaona mfereji wa bati wa paa unamwaga maji palepale kwenye mguu wa ukuta. Tumeupeleka mbali, tumeziba ufa, tumeuacha ukuta uchi mpaka ukauke. Sasa tunabandika vibao vya povu gumu la plastiki juu ya zege lenyewe, vinashikana kama ngozi, hewa ya ndani isiguse baridi. Kisha ndiyo fremu, imesimama mbele bila kugusa zege, kisha sufi ya kioo ya kuzuia baridi, kisha bodi. Upande mmoja umekamilika. Niliweka shavu pale jana. Huo ndio wenye joto kweli.

Kwa nini sikukwambia? Uliandika kwamba utakuja kwa ajili ya ukuta ule. Hukusema unakuja kwa ajili yangu, na sikulaumu. Niliogopa ukisikia haupo hutakuja kabisa. Na niliogopa zaidi uulize umeoza kwa nini. Mabua yalikuwa yako, Mama. Ushauri ulikuwa wako. Nilijua utakaa kwenye kile kiti karibu na dirisha, ujiambie kwamba kitu cha mwisho alichokijenga kimeharibika kwa sababu yako. Nikasema bora unione mwongo.

Nilikuambia nakuhofia wewe, na ni kweli. Lakini kuna kitu kingine sikukiandika. Mimi naogopa kurudi nyumbani kutoka kazini. Nafungua mlango, nawasha redio kabla sijavua viatu. Nilitaka kuwe na mtu huku chini anayenigombeza kuhusu sukari.

Kuna kipande kimoja bado hatujakigusa. Ni kona ya nyuma ya tanuri, pale alipomalizia. Kimeoza kama vingine na lazima kitoke, kwa sababu kuvu itarudi kwenye kuta mpya. Gisli alitaka kukitoa Jumamosi nikamfukuza, nikamwambia nitafanya mwenyewe. Nimeshuka na mtaimbo mara nyingi. Pale misumari yake imepinda yote. Unamjua, alikuwa akipiga msumari, unapinda, anautukana, anaulaza kwa nyundo kisha anapigilia mwingine pembeni. Nikiiona namsikia. Naweka mtaimbo chini napanda juu. Nikikitoa hicho, hakuna tena.

Njoo, Mama, chumba kiishe kisiishe. Utalala kitandani kwangu juu, mimi nitalala kwenye kochi. Huko baridi imeshafika ishirini chini ya sifuri, nimesikia redioni.

Zonia


Ethelbert, 15 Novemba 1984

Zonia mwanangu,

Barua yako Marynia ndiye aliyeileta. Alisimama mlangoni akingoja niisome ili apate cha kusema barabarani. Nilimpa kikombe cha chai na nikamwambia aende nyumbani, na kwamba siku nyingine akitumwa asali agonge mlango.

Nililia, sikufichi. Nilienda bandani nikasimama mahali alipojazia magunia, nikajitukana kwa sauti mpaka mbwa akaniangalia. Sawa, injinia. Mabua ni yangu na ushauri ni wangu, na hakuna wa kuniondolea hilo. Lakini nilipomaliza kulia kwa ajili yangu, nikaanza kulia kwa ajili yako. Tangu Septemba umekaa na neno hilo peke yako. Nikakuita mwanamke wewe, nikakulaumu kwa kuku wangu, nawe ulikuwa tayari nikuone mwongo ili tu mimi nisijue. Mama yako mzazi, Mungu amrehemu, alilea mtu. Nisamehe.

Na kuhusu Orest na nyundo, ulidhani utanivunjia heshima ya mwanangu? Mimi? Alinijengea banda la kuku akiwa na miaka kumi na minne likapiga magoti kabla ya Pasaka. Lango alilotengeneza linafunguka lenyewe upepo ukivuma na kujifunga mtu akipita. Alikuwa na moyo wa kujenga kuliko mtu yeyote wa familia hii, mikono ndiyo haikuletwa. Kutaka kwangu kulala karibu na ule ukuta hakukuwa kwa sababu ni mzuri.

Sasa nami niseme yangu. Silali kitandani kama malkia. Niliteleza nikaanguka kando ya kisima Septemba, mkono haukuvunjika lakini kuni sipasui. Nimefunga vyumba vyote kwa mablanketi, nalala jikoni kwenye benchi na buti miguuni. Asubuhi ndoo ina barafu. Nilikuwa nakuandikia nimevaa glavu, ndiyo maana mwandiko ulikuwa mbaya, nawe hukuuliza. Vyombo sikufungua hata kimoja. Niliandika vile kwa kiburi.

Nakuja Alhamisi ijayo na basi la mchana. Pipa litafuata na mume wa Marynia.

Kuna jambo nataka kukuomba, na sijawahi kulisema kwa mtu. Februari njia ilifungwa na theluji. Nilipofika kwenu mlikuwa mmeshamwosha. Mmemnyoa, mmemvisha suti ya kijivu, mmemfunga tai, mmempanga mikono kifuani. Kila kitu kilichobaki kumfanyia kilikuwa kimeshafanywa, na kwa mapenzi, sikuona kosa hata moja. Nilisimama pale kama mgeni aliyechelewa. Nilitafuta hata kola ya kunyoosha, ilikuwa imenyooka. Nimemzaa mimi, na mwisho wake mikono yangu haikupata kazi yoyote. Nadhani ndiyo maana nilitaka ule ukuta. Nilitafuta mahali pa kushika.

Basi hiyo kona ya nyuma ya tanuri usiiguse. Mwambie Bwana Gisli asije siku hiyo, aje Jumamosi nimwone hizo ndevu. Niwekee kitambaa cha puani na glavu ndogo. Tutaitoa sote, wewe shika juu kwa kuwa ni mrefu, mimi nitashika chini. Ule msumari utakaokataa utautukana kama alivyoutukana yeye, mimi sijui maneno yale. Tukimaliza tutaosha pale mahali vizuri, tutapaacha pakauke, halafu mtapavisha mnavyojua.

Ngoja nifike. Usianze bila mimi.

Mama